Google Haijui Kupiga Hodi

Hotuba hii niliitoa Tanga mbele ya walimu wa historia, wakutubi na wanafunzi wa kidato cha sita. Waliokosa kufika wameniomba niiandike. Nimeiweka kama nilivyoisema, isipokuwa picha nilizokuwa nikionyesha ukutani.

Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Walimu na wakutubi wenzangu, salaam. Na ninyi wanafunzi mliojibana kule nyuma karibu na mlango, hamjambo? Naona mmechagua mlangoni makusudi. Haya, nitajitahidi tumalize kabla chai haijapoa.

Nina swali la kuanzia. Ni mara ngapi umemsikia mtu akisema, "Nimetafuta mtandaoni, hakuna kitu"? Mimi kauli hiyo naisikia mezani kwangu kila wiki. Anakuja mwanafunzi mwenye insha: hakuna kitu. Anakuja mwalimu mwenye somo la kesho: hakuna kitu. Anakuja mzee mwenye kesi ya shamba: hakuna kitu. Nami nauliza, umetafuta wapi? Wananitazama kana kwamba nimeuliza jua linachomoza upande gani. Google, wananijibu. Kwani kuna kwingine?

Kuna kwingine. Tena huko kwingine ndiko viliko vitu ambavyo walimu wa historia na watu wenye mashamba huvihitaji zaidi.

Zifikirieni nyumba zetu za pwani. Nyumba ina baraza. Mpita njia yeyote anaiona baraza: nani amekaa, bao linachezwa na nani, kahawa imefika au haijafika. Lakini je, sanduku la mama lenye hati za shamba liko barazani? Haliko. Liko ndani. Ukilitaka utapiga hodi, utaulizwa wewe nani na una shida gani, ndipo litatolewa.

Google ina vijiroboti, yaani programu zinazozunguka usiku na mchana zikifuata viungo. Kurasa moja ina kiungo cha kwenda nyingine, kijiroboti kinakifuata, kinasoma kilichoandikwa, kinakinakili, kinaendelea na njia. Kinapita barazani. Sasa kikikuta tovuti yenye kisanduku kinachosema andika jina, chagua mwaka, bonyeza hapa, mara nyingi kinasimama pale pale. Kiandike jina gani? La nani? Nyuma ya kile kisanduku kunaweza kuwa na kumbukumbu milioni moja, na kijiroboti kimeona kisanduku tu. Hakijui kupiga hodi.

Kuna na milango mingine. Kuna mlango wenye nenosiri. Kuna mlango uliofungwa kwa makusudi: tangu mwaka 1994, alipobuni utaratibu huo Mholanzi Martijn Koster, mwenye tovuti anaweza kuweka faili dogo liitwalo robots.txt, ambalo ni sawa na kibao cha "usiingie", na kijiroboti chenye adabu kikikisoma kinageuza njia. Kuna vitu vilivyopigwa picha lakini havikuchapwa upya, kwa hiyo kijiroboti kinaona picha na maneno hakiyaoni. Na kuna kurasa zilizokufa.

Mwaka 2001 Mmarekani Michael Bergman alikadiria kwamba sehemu hii iliyojificha ilikuwa kubwa kuliko ile inayoonekana mara 400 hadi 550. Takwimu hiyo ni ya zamani, msiende nayo nyumbani mkaifanya aya. Chukueni wazo lake tu: baraza ni ndogo, nyumba ni kubwa.

Kijana mmoja aliniuliza hapo nje kama nimekuja kuwafundisha mtandao wa giza, ule unaosifika kwa bunduki na dawa za kulevya. Hapana, mwanangu. Hicho ni kichochoro kimoja tu chenye sifa mbaya. Salio lako la benki, barua pepe zako, mazungumzo ya kundi la WhatsApp la ukoo, yote hayo yamo mtandaoni na Google haiyaoni, wala mle hakuna anayeuza bunduki. Viwanja hewa, labda.

Sasa basi. Ikiwa injini ya kutafutia kama Google haijui kupiga hodi, atakayepiga hodi ni nani? Ni wewe. Na huwezi kupiga hodi kwenye nyumba usiyoijua. Ndiyo maana nawaambia watu: msianze na "nini". Anzeni na "nani". Nani angekuwa na sababu ya kuliandika jambo hili? Yeye aliliitaje? Na akishaandika, aliliweka wapi?

Nitawapa kisa.

Alinijia mwalimu mmoja, kwao Machame. Alitaka picha za zamani za Machame awaonyeshe wanafunzi wake. Alikuwa ametafuta wiki nzima. Google ilimpa nini? Ilimpa Njia ya Machame: kampuni za kupandisha wageni Kilimanjaro, bei kwa dola, wazungu wamesimama kileleni wakicheka. Kurasa baada ya kurasa. Mwalimu wa watu akaniambia, nadhani sisi hatukupigwa picha.

Nikamuuliza: mwaka 1905, nani alikuwa na kamera Machame, na kwa nini apige picha? Akafikiri. Wamisionari, akasema. Wamisionari gani? Wa Leipzig. Naam. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na walikuwa watu wa kuandika na kupiga picha kila kitu, kwa sababu waliwategemea wafadhili kule kwao waliotaka kuona fedha zao zinafanya nini. Tumempata nani. Sasa, waliandikaje Machame? Mjerumani haandiki "ch" wala "j" kama tunavyoziandika sisi. Akisikia sauti ya namna hiyo anarundika herufi nne: t au d, kisha s, c, h. Machame akaiandika Madschame. Moshi ni Moschi. Mchaga ni Dschagga. Kilimanjaro ni Kilimandscharo.

Na waliziweka wapi? Ziko Leipzig, lakini nakala zake za mtandaoni zimo katika hazina ya picha za wamisionari inayotunzwa na Chuo Kikuu cha Southern California, Los Angeles. Hebu oneni: picha ya bonde la Machame, iliyopigwa na Mjerumani, inakaa Los Angeles kwa jina la Madschame. Google itampaje mwalimu wetu, aliyeandika "Machame picha za zamani"?

Tukaingia kwenye hazina yenyewe, tukaandika Madschame kwenye kisanduku chao. Zikaja. Mwalimu akasogeza kiti. Akapita nyumba, kanisa, watoto wa shule, halafu akafika kwenye picha ya mfereji wa maji, ule ambao Wachaga huuita mfongo, akaweka kidole juu ya kioo cha kompyuta yangu, na kioo nilikuwa nimekipangusa asubuhi ile. "Huu," akasema, "ungali upo. Baba yangu alikuwa na zamu yake siku ya Jumanne."

Kwa hiyo, walimu, kila mmoja wenu awe na daftari la majina ya kale. Nasema daftari, la karatasi. Mjerumani: Sansibar, Suaheli, Muansa, Udjidji, Bagamojo. Mreno: Mombaça, Melinde, na Quíloa, yaani Kilwa. Mwingereza wa kale: Suahili. Ninyi wa Tanga mna bahati, maana Tanga ni Tanga kwa kila mtu. Ila bahati hiyo isiwavimbishe kichwa, nawapeleka mahali ambapo hata tahajia sahihi haikusaidii.

Maktaba ya Taifa ya Berlin imeweka mtandaoni magazeti ya zamani, na humo mna Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, gazeti la walowezi lililotoka Dar es Salaam kabla na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mnataka bei ya mkonge? Mnataka meli zilizotia nanga Tanga? Ni humo. Lakini limechapwa kwa herufi za Kijerumani cha kale ziitwazo Fraktur, na katika herufi hizo "s" ya katikati ya neno ni ndefu, imejikunja kwa juu, inafanana na "f" kama pacha. Mashine za kusoma maandishi zikikutana nayo huchanganyikiwa. Daressalam inageuka Dareffalam. Mnacheka? Mimi nimekwisha kutafuta Dareffalam kwenye magazeti ya namna hiyo, na nimeshapata. Ni neno ambalo halijatamkwa na binadamu yeyote, limo vichwani mwa mashine tu, na ukilijua linakufungulia.

Na mkitaka kujiudhi kidogo, andikeni Google neno Kiongozi. Hilo lilikuwa jina la gazeti la Kiswahili lililochapwa hapa hapa Tanga, kwenye shule ya serikali ya Wajerumani. Waswahili waliandika humo habari zao, mashairi yao, safari zao. Nani kati yenu amewahi kuliona? Nyoosheni mikono. Hakuna. Google nayo itakuletea wanasiasa, na semina za uongozi bora. Pa kuanzia ni katalogi za maktaba za Ujerumani. Kule Karlsruhe wana dirisha moja liitwalo KVK ambalo linauliza katalogi nyingi kwa mpigo. Lenyewe halina kitabu hata kimoja. Linapiga hodi kwa niaba yako kwenye nyumba nyingi kwa wakati mmoja, basi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo huwa linanikera, na mtanisamehe nikipandisha sauti.

Wazee wetu wa pwani waliandika. Waliandika kwa herufi za Kiarabu, tenzi, barua, hesabu za biashara, fatwa, dawa. Watu wanasema historia yetu ni ya mdomo tu. Mdomo tu! Nyaraka za Taifa kule Zanzibar zina hati na vitabu vya Kiarabu ambavyo mwaka 2003 viliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Miswada ya msikiti wa Riyadha, Lamu, imepigwa picha moja moja katika programu ya British Library ya kuokoa nyaraka zilizo hatarini. London, katika chuo cha SOAS, kuna masanduku kwa masanduku ya miswada ya Kiswahili.

Kwa nini Google haikuletei? Kwanza, kwa sababu ni picha za mwandiko wa mkono, na kinachosomeka na mashine ni maelezo mafupi tu yaliyoandikwa na mtunza katalogi kwa Kiingereza. Ukiandika ubeti wa utenzi hupati, maana ubeti haujachapwa. Lakini sababu ya pili ndiyo inayonikera. Miswada hii haikupangwa kwa jina la aliyetunga. Imepangwa kwa jina la aliyeichukua.

Mchukueni Muyaka bin Haji wa Mombasa. Mashairi yake yalinusurika kwa kuwa Mwalimu Sikujua, Mswahili wa Mombasa, aliyakusanya na kuyaeleza akiwa pamoja na mmisionari William Taylor. Baadaye William Hichens akayachapisha kama diwani, Johannesburg, mwaka 1940. Leo ukipiga hodi SOAS, makaratasi hayo yamo kwenye mikusanyo inayoitwa Taylor na Hichens. Kuna mwingine unaitwa Allen, na mwingine Knappert. Mwalimu Sikujua hana sanduku lenye jina lake. Kwa hiyo mwanafunzi wa Mombasa anayetafuta kazi ya babu zake lazima kwanza ajue jina la Mzungu. Mnaona? Swali la "aliliweka wapi" lina majibu ambayo hatuyapendi, lakini ukikataa kulijibu kwa sababu ya hasira hutapata mswada. Andika Taylor, mwanangu. Kasirika baadaye.

Na ukishapata, usijidanganye kwamba kitakuwepo kesho. Oktoba 2023 British Library ilivamiwa na wadukuzi, na huduma zake nyingi za mtandaoni zikawa gizani kwa miezi. Hiyo ni moja ya maktaba kubwa kuliko zote duniani. Kama masharti yanaruhusu kupakua, pakua. Andika na namba ya jalada. Namba ya jalada, jamani! Ukiwa na namba, hata tovuti ikifa unaweza kumwandikia barua mtunza nyaraka na akajua unazungumzia kitu gani.

Tutoke kwenye ya kale. Naona wale wa mlangoni wameanza kutazama saa.

Mama mmoja, simtaji jina, alikuwa analima shamba ambalo marehemu mumewe aliliingia kwa ruhusa ya ndugu mmoja wa ukoo. Miaka zaidi ya ishirini. Sasa watoto wa yule ndugu wanalitaka. Mtu kamwambia barazani, ukikaa miaka 12 shamba ni lako, sheria inasema. Akaja kuniuliza ni kweli? Alikuwa ametafuta kwenye simu ya mjukuu wake, akapata matangazo ya mawakili na video za watu wanaopiga kelele.

Nani angeandika jambo hili? Majaji. Wameamua kesi kama hiyo mara nyingi sana. Waliliitaje? Kwa Kiingereza. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, lakini hukumu za miongo yote ya nyuma ni za Kiingereza, kwa hiyo "shamba" na "ndugu" havikusaidii, unahitaji maneno ya wanasheria. Na ziko wapi? TanzLII, hazina ya hukumu ya Mahakama ya Tanzania, bure kabisa. Kenya nao wana Kenya Law. Kuna kisanduku, unaandika, unachuja kwa mwaka na kwa mahakama.

Tukaiona ile miaka 12, imo kwenye Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971. Lakini tukaona pia kitu ambacho mtu wa barazani hakukisema: majaji wanauliza, uliingiaje? Aliyeingia kwa kukaribishwa hageuki kuwa mwenye shamba kwa sababu tu amekaa sana. Mama akanyamaza. Haikuwa habari aliyoitaka. Nikamchapia hukumu tatu, nikamwambia apeleke kwa wakili, maana mimi ni mkutubi, kazi yangu inaishia mlangoni. Lakini alikwenda kwa wakili akiwa anajua swali la kuuliza.

Hapo hapo niseme, si kila aliyefunga mlango ana nia mbaya. BAILII ya Uingereza na CanLII ya Canada zina hukumu kwa wingi, wazi kwa yeyote anayeingia, na zimezikataza injini zisizisome. Kwa nini? Kwa sababu hukumu ina majina ya watu, talaka zao, madeni yao, na hawataki jirani anayeandika jina lako kwa udaku apate ndoa yako iliyovunjika kama jibu la kwanza. Mwenye haja apige hodi. Mimi naafiki kabisa.

Jirani wa hukumu ni gazeti la serikali. Mkiona jina lake mnasinzia, najua. Lakini humo ndimo zilimo notisi za mirathi, hati za ardhi zilizopotea, watu waliobadili majina, uteuzi wa maofisa. Kenya Gazette ya miaka mingi imeskaniwa, na tovuti ya Gazettes.Africa inakusanya magazeti ya serikali ya nchi nyingi za Afrika. Mtu anayefuatilia ukoo wake Mombasa akianza na notisi za mirathi atafika mbali kuliko aliyeanza na Facebook.

Kurasa zilizokufa nitazipitia haraka. Wizara zetu zikibadilishwa jina, na anwani ya tovuti hubadilika, na nyaraka za jana zinazikwa bila matanga. Ukiwa na anwani ya zamani, labda imo kwenye bibliografia ya tasnifu ya mtu, ipeleke kwenye Wayback Machine ya Internet Archive. Brewster Kahle alianza kuhifadhi kurasa mwaka 1996 kule San Francisco, na tangu 2001 kila mtu anaruhusiwa kutazama. Inataka anwani, haitaki stori. Na kwa nyaraka za serikali ambazo Google inazo ila imezifukia chini ya matangazo, andikeni mada yenu, halafu site:go.tz, yaani tovuti za serikali tu, halafu filetype:pdf, yaani mafaili ya PDF tu. Jaribuni usiku huu, mtanishukuru.

Makala za kisayansi zenye bei? Tabibu mmoja wa hospitali ya wilaya alinionyesha makala aliyotakiwa kulipia dola kadhaa, zaidi ya mfuko wake. Programu ya Hinari, iliyoanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, inazipa taasisi za nchi kama yetu makala hizo bila malipo au kwa ada ndogo. Ya kilimo inaitwa AGORA. Lakini inayosajiliwa ni taasisi, si mtu. Muulizeni mkutubi wenu kama mmesajiliwa. Ikishindikana, mwandikie mwandishi wa makala mwenyewe, kwa adabu, mistari minne. Wengi hufurahi kwamba kuna mtu anataka kuwasoma.

Na akili mnemba? Nilijua mtauliza. Mwanafunzi aliniletea orodha ya vitabu kumi alivyopewa na programu ya namna hiyo. Majina mazuri, waandishi wazuri, miaka imeandikwa. Tukapiga hodi kwenye katalogi: vinne havikuwahi kuchapwa duniani. Itumieni ikukumbushe tahajia za kale, hapo inasaidia kweli. Lakini ikikutajia nyumba, nenda ukaione nyumba.

Nimebakiwa na kisa kimoja.

Alikuja mzee kutoka upande wa Handeni na mjukuu wake wa kiume. Babu yake mzee huyo alichukuliwa katika Vita vya Kwanza kubeba mizigo. Hakurudi. Mjukuu alikuwa ametafuta jina kwenye Google, hakuna kitu, ndipo wakaja kwangu.

Tukauliza maswali yetu. Nani angeandika? Jeshi. Aliliitaje? Upande wa Waingereza, Carrier Corps, yaani kikosi cha wabeba mizigo, ndilo neno lililotupa Kariakoo. Ameweka wapi? Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina kanzidata ya waliokufa, nzuri sana. Andika mwanajeshi wa Kiingereza aliyekufa hapa Tanga Novemba 1914, utapata jina, kikosi, tarehe, kaburi. Tukapiga hodi. Tukaandika jina la mzee wao kwa tahajia hii na ile, kwa "l" na kwa "r", jina la baba mbele, jina la baba nyuma. Nusu saa.

Tukasoma basi ripoti ambayo tume yenyewe iliitoa mwaka 2021. Inakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri. Mlango ulikuwa sahihi. Tulipiga hodi vizuri. Ndani, jina halikuandikwa.

Nikamtafsiria mzee, polepole. Akatikisa kichwa. Kisha akasema, yeye hakwenda peke yake, walichukuliwa kijiji kizima, na bibi yake alikuwa akiwataja kila alipotwanga. Akaanza kuwataja. Jina, jina la baba, mtaa. Mjukuu wake alikuwa hajawahi kuyasikia. Alikuwa na simu mkononi na akasahau hata kurekodi. Mimi nilichukua daftari. Nimeandika majina 11, na la 12 mzee alilikumbuka nusu, akasema atarudi akilipata.

Daftari hilo liko kwenye kabati langu, rafu ya pili, chini ya magazeti. Haliko kwenye katalogi yoyote, na mwenye kulitaka itabidi agonge.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Chai imefika, lakini kuna mama mmoja mstari wa nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja ile miaka 12 ya shamba. Karibu mama, uliza wewe kwanza.